Visubi wa Chupa ya Pili

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na unakula kwa wakati. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Binamu yako amejifungua mtoto wa kike, kichwa kama cha babu yake, na sauti ya mtu anayenadi mnadani. Baba yako yupo.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Lile banda langu la uyoga nyuma ya nyumba limeingiliwa. Wiki iliyopita mpishi mkuu wa hoteli, mteja wangu wa miaka minne, alikuja mwenyewe kuchukua mzigo. Akachagua uyoga mmoja mkubwa, akaupasua mbele yangu kwa kisu chake. Ndani ya shina mlikuwa na funza. Weupe, wembamba kama uzi, vichwa vyeusi, wanajinyonganyonga kwenye vitundu walivyojichimbia. Alifuta kisu kwa leso, akaitupa leso, akaondoka. Mwanangu, mimi nimeosha maiti na nimelea watoto sita, lakini hilo liliniweza. Tangu siku ile uyoga siutii mdomoni.

Kisha kuna wale wanaoruka, vijiinzi vyeusi vidogo kama punje ya pilipili manga. Wanaingia puani, wanaingia machoni, wanakufa kwenye chai. Nimekutilia kwenye chupa mbili zenye spiriti, kama ulivyonifundisha zamani ulipokuwa bado unakuja. Chupa ya kwanza ni ya bandani. Ya pili nayo ni ya hapo hapo. Niambie ni wadudu gani na wanakufa kwa nini.

Sikuombi uje. Ulichomwambia baba yako mlangoni siku ile ulipoondoka nilikisikia kutoka upande wangu wa uzio, na sijapata kukitaja.

Shangazi yako


1 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mwambie binamu kichwa kikubwa si ugonjwa, na hazina ya ukoo haipotei. Mimi ni mzima. Chumba tunachofanyia kazi hapa makumbusho kimepakwa rangi upya, na mkuu wangu wa kazi, tunayemwita Miwani, bado anakula mkate wake juu ya meza ileile tunayopasulia wadudu. Nimeacha kumshangaa. Sasa nakaa tu upande mwingine.

Wadudu wako ni visubi wa uyoga. Kumjua kisubi wa uyoga, humtazami uso. Wote wana sura moja: weusi, miguu mirefu, mgongo umebinuka kama mtu aliyebeba gunia. Kwanza unatazama mishipa ya bawa, imegawanyika wapi. Halafu unamkata dume ncha ya mkia, unaichemsha kwenye dawa kali mpaka nyama iyeyuke iwe rojo, unaimwaga rojo, unabaki na koleo mbili ndogo anazomshikia jike. Kila aina ina koleo zake, na miiba yake kwenye koleo. Ndiyo kazi niliyoisomea miaka saba, Shangazi: kutazama sehemu za siri za mainzi. Nakuruhusu ucheke.

Chupa ya kwanza haina shida. Ni aina inayojulikana, iko kila mahali wanapolima uyoga. Kausha njia za katikati, funga chandarua cha matundu madogo mlangoni, ning'iniza karatasi za njano zenye gundi, na mboji iliyochakaa uichome. Usiirundike karibu.

Chupa ya pili imeninyima raha. Nimepasua madume sita. Tuna kitabu cha kutambulishia, kinauliza swali, ukijibu kinakupeleka kwenye swali jingine, mpaka ufike kwenye jina. Kila nikiwapitisha hawa wanafika mahali kitabu kinaishiwa maneno. Koleo zao ni nene, zina miiba mitatu mahali ambapo wenzao wana mmoja. Nimemtumia michoro mtaalamu wa ng'ambo aliyetumia maisha yake kwa wadudu hawa.

Wakati tukimsubiri, nahitaji mambo mawili. Niletee mabuu wakiwa hai, pamoja na kipande cha kitu wanachokila. Na uniambie chupa ya pili uliijazia wapi hasa. Kila mdudu hapa ana kibandiko chini yake kinachosema alikamatwa wapi. Asiye na kibandiko ni takataka.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe kukawia. Mvua zilikata barabara, halafu goti, halafu mtoto wa binamu yako akapata homa akatulaza macho siku tatu. Sasa anacheka, anamcheka kila mtu, hata mkusanya takataka.

Barua yako niliisoma nikacheka mpaka wakaja kuniuliza kuna nini. Nikawaambia binti yetu anakagua uchi wa mainzi. Hakuna aliyeniamini. Karatasi za njano nimening'iniza, zimejaa mpaka zimekuwa nyeusi, na kuzitazama siwezi, miguu yao bado inapapatika. Mpishi mkuu amesema atanifikiria.

Unauliza chupa ya pili imetoka wapi. Nimekwambia, bandani. Banda lina pembe nne, sasa nikutajie ipi?

Funza wako hao, kwenye kopo, nimempa dereva wa basi na kumwambia ni dawa ili asilifungue. Nimewachota kwa kijiko cha supu. Kijiko nimekitupa chooni. Hawakai mmoja mmoja hawa, wamejifuma kwenye ute wao kama kamasi la mtoto mwenye mafua, ukimvuta mmoja wanafuata wote. Nilinawa mara nne na bado mkono nauona si wangu.

Ukipata dawa ya kuwaua hawa wa pili, usisubiri jina lao. Itume.

Baba yako anakusalimu.

Shangazi yako


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Namshukuru Mungu homa ya mtoto imeisha. Mimi nina mafua kidogo, si kitu.

Kopo lilifika zima. Nililifungua mezani, na harufu yake ilimtoa Miwani chumbani pamoja na mkate wake, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ndani mlikuwa na mabuu kama arobaini, na kile ulichowachotea juu yake. Sitakizungushia maneno. Ni sponji na kitambaa. Kitambaa kina mistari ya buluu.

Mabuu hawa ngozi yao ni kama kioo. Ukimweka chini ya hadubini unaona chakula kinavyotembea tumboni. Matumboni mwao mna kuvu, na kwenye kuvu mna nyuzi za buluu. Uyoga wako haulali kwenye godoro, Shangazi. Na godoro la mistari ya buluu nalijua. Nililikojolea nikiwa na miaka mitatu, mama akalianika uani mtaa mzima ukaona.

Ni chumba cha baba. Niambie sicho.

Halafu salamu. Baba hajanisalimu tangu ile siku ya chupa zangu, na wewe hujui kudanganya. Nilikuwa na chupa kumi na nne barazani, mabuu niliowalea mwaka mzima kwa ajili ya mtihani wangu wa mwisho. Akachemsha maji, akazimwagia moja baada ya nyingine, kisha akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kama ametoka kukagua machinjio. Akasema, "Sikulea mtoto aje kunifugia funza ndani ya nyumba." Nami nikamjibu kwamba nyumba ile sitaikanyaga mpaka siku atakayotolewa ndani amebebwa. Ndicho ulichokisikia kupitia uzio. Miaka mitatu sasa.

Yule ndiye Bwana Afya. Akitokea na daftari lake la ukaguzi, wanawake walikuwa wanafagia mpaka barabara ya serikali. Alikuwa akinusa kikombe kabla ya kunywa. Nieleze inawezekanaje mabuu waishi kwenye godoro lake.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara tatu. Hatujambo. Goti lipo.

Ndiyo, ni chumba cha kaka yangu.

Alianza kujifungia mwaka uliofuata baada ya mama yako kufariki na wewe kuondoka. Kwanza aliacha kwenda sokoni. Halafu akaacha kutoka barazani. Mvua kubwa ya mwaka juzi iling'oa bati upande wa kitanda chake. Nikamletea fundi, akamfukuza akiwa bado kwenye ngazi. Jioni ile ile nikasikia nyundo, nikadhani ameamua kutengeneza mwenyewe. Kumbe alikuwa anapigilia misumari dirisha.

Umetaka kujua, basi soma. Kuta zimeota manyoya, ya kijani chini, meusi juu. Sakafu inateleza. Upande wa ukutani wa godoro kumeota kitu chembamba chenye rangi ya ngozi ya mtu, kimejikunja kama masikio, ukikigusa kinanyofoka na kuacha maji. Hapo ndipo wanapoishi. Wakati mwingine funza wanatoka wote kwa pamoja wanapanda ukuta wameshikana, kamba moja ndefu ya kamasi inayotembea. Wanaoruka wanatua kwenye chakula chake, naye anakula nao. Nilimwona akimtoa mmoja kwenye ulimi kwa kidole, akampangusia shukani, akaendelea kutafuna. Mimi nilimwosha mtu huyu akiwa mtoto, mimi ndiye niliyemfundisha kunawa.

Nimekuwa nikilikwepa neno hili miezi mitano, acha nilitoe. Namwonea kinyaa. Kaka yangu wa tumbo moja. Sahani yake nimeitenga, naiosha peke yake, na maji yake nayamwaga mbali. Chakula naweka kizingitini, nagonga, naondoka haraka kabla mlango haujafunguka nisije nikavuta ile hewa. Nikifika kwangu nasikia haya, na siku ya pili nafanya hivyo hivyo.

Kwa kuwa wewe unawajua wadudu, nikasema nitapata dawa bila kuvunja ahadi. Maana aliniapisha. Aliniambia, "Binti yangu akijua, naacha kula." Naye ni mtu wa kutimiza.

Sasa umejua. Fanya kama hujui.

Shangazi yako


2 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka kwako. Basi liliharibika mara moja tu njiani. Nashukuru kwa uyoga, niliukagua shina kwa shina kabla sijapika, na nikaula.

Kuna jambo sikulisema nilipokuwa hapo. Ile Jumamosi uliporudi kutoka hotelini ulinikuta uani, godoro liko nje, baba amekaa kwenye kiti, amenawishwa. Ukanikumbatia, ukawaambia majirani waliokuwa wakichungulia kwamba mtoto huyu ana moyo. Sikukusahihisha. Nakusahihisha sasa, na uisome mpaka mwisho.

Niligonga. Akauliza, "Nani?"

"Mimi."

Komeo likasogea, limefungwa kamba anayoivuta akiwa kitandani. Harufu unaijua. Nilidhani nimeizoea kutoka kwenye lile kopo, kumbe kopo lilikuwa salamu tu. Alikuwa kitandani, amejilaza upande wa ukuta. Akanitazama, akasema, "Umefuata wadudu."

Nilitaka kukataa. Lakini juu ya kichwa chake ukutani palikuwa na madume, Shangazi, nilishawatambua kwa mgongo na urefu wa vipapasio, na mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Nikatoa mrija wa kufyonzea wadudu na chupa. Nikaanza kukusanya. Nilimruka miguu yake ili niifikie kona. Nilikwangua yale masikio kwenye godoro, sentimita chache kutoka kwenye bega lake, nikawatoa mabuu kwa koleo, nikaandika namba kwenye kila chupa. Dakika ishirini. Najua kwa sababu huwa tunaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na niliandika. Baba ananitazama muda wote. Baada ya kufunga kifuniko cha mwisho ndipo nikasema shikamoo.

"Marahaba," akaitika. "Umepata wa kutosha?"

"Nimepata."

"Basi nisaidie nikae."

Nikampitishia mkono chini ya kwapa. Shati lilikuwa limeshikana na godoro. Lilibanduka kwa sauti, kama plasta, likaja na ule ute na wadudu wawili watatu wanaojinyonganyonga, na mgongo wake chini ulikuwa mweupe na laini kama kitu kilicholowekwa. Nikamwachia. Nilimwachia, Shangazi, akaangukia kiwiko, mimi nikakimbilia nje nikatapika karibu na tangi lako la maji. Mimi ninayechemsha mainzi kila siku. Nilikaa hapo nje nikifikiria kwenda kituoni. Mkoba ulikuwa begani tayari, na chupa zote zimo.

Niliporudi alikuwa bado kwenye kile kiwiko. Hakuniita. Alikuwa akisubiri kama wanavyosubiri watu kwenye foleni ya zahanati. Nikamkalisha. Nikamtoa nje, na yaliyobaki uliyaona.

Shati lile nikilikumbuka bado nachefukwa, na hilo nitalizoea. Zile dakika ishirini ndizo zinazoninyima chakula.

Sasa habari ya kazi. Mtaalamu wa ng'ambo amejibu. Aina hii haijapata kuandikwa na mtu yeyote. Mimi ndiye nitakayeieleza, nitaichora, na nitaipa jina. Nimefikiria niipe la kwako, kwa kuwa chupa ilitoka mikononi mwako. Dume mmoja atawekwa awe kielelezo cha wenzake wote, na kibandiko chake kitasomwa na watu wasiotujua hata baada ya sisi kufa. Miwani anataka ukweli kamili: chumba, godoro, kila kitu. Mimi nataka niandike banda lako la uyoga. Nani atajua? Sitaki watu wa dunia nzima wasome jinsi baba yangu alivyokuwa akilala. Naomba unikubalie.

Mwanao


11 Septemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima na umeanza kula. Mtoto wa binamu yako ameota meno mawili na ameanza kuyatumia, wa kwanza kung'atwa ni mimi. Fundi ameshabadilisha bati lote. Godoro tulilichoma, lilitoa moshi mzito wa manjano siku nzima, nguo za mtaa mzima ikabidi zifuliwe upya, na sasa kuna watu wawili hawaniamkii. Baba yako analala kwenye chumba cha mbele, dirisha wazi. Mgongo umekauka. Nje hatoki bado, ila jana alimkemea mwuza maji kwa kushika mdomo wa dumu.

Jina langu usimpe funza. Nimelibeba miaka sitini na nne halina doa. Mpe la Miwani, wanaonekana wanapatana.

Barua yako alijua imefika, akataka nimsomee. Nilipofika kwenye zile dakika ishirini nikaruka. Akasema, "Dada, umegeuza karatasi mbili." Basi nikarudi, nikasoma yote, na kutapika kwako, na kumwachia. Yeye alikuwa akitazama dirishani. Nilipomaliza akasema, "Alifanya sawa kuanza na sampuli. Angeanza na salamu, wadudu wangetawanyika." Sijui alikuwa anakusamehe au anakufundisha kazi. Halafu akaniomba nimletee maji ya kunawa uso, akakaa nayo muda mrefu.

Hilo la banda nilimwambia mimi nimelikubali, kwa heshima yake. Alinikasirikia kuliko nilivyomwona miaka miwili hii. "Nimefunga mikahawa ya watu kwa ripoti," akasema. "Watu walilia mbele yangu, sikubadilisha mstari hata mmoja. Leo ripoti yangu ndiyo ighushiwe?" Akanituma nikatoe daftari lake la ukaguzi sandukuni, akanipa kalamu, akasema mikono yake inatetemeka, niandike mimi anavyotaja. Nakuandikia hapa pia, isije karatasi ikapotea njiani.

"Mahali: chumba cha kulala, futi kumi kwa kumi na mbili. Dirisha moja, limepigiliwa misumari saba kwa ndani. Paa: linavuja tangu mwaka juzi. Kuta: kuvu mpaka urefu wa kiuno. Godoro: bovu, limeota uyoga, halifai kwa mtu wala mnyama. Wadudu: wengi, hatua zote. Mkaaji: mmoja, bwana afya mstaafu. Sababu ya uchafu."

Hapo akakwama. Kalamu yangu ikasubiri. Mtoto wa binamu yako akalia upande wa pili wa uzio, akanyamazishwa. Nikamwambia mstari huo tunaweza kuuacha.

"Fomu haina mstari wa kuachwa," akasema. "Andika: mkaaji hakutaka kuonekana."

Nikaandika.

"Hatua iliyochukuliwa: binti yake aliingia."

Akaichukua kalamu, akatia saini mwenyewe, ikapinda lakini ni yake. Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya bahasha hii. Daftari lilikaa chumbani mle miaka miwili na bado linanuka vibaya, kwa hiyo ukiifungua, ifungulie penye upepo.

Shangazi yako